Msifute Alama za Penseli Ukutani

Wajukuu zangu,

Chakula kipo kwenye sufuria, pasheni moto. Nimeenda hospitali kwa yule dada wa mazoezi. Babu yenu ~~asipewe chai~~ apewe chai, ila bila sukari. Kosa lake analijua.

Asubuhi bega lilikwama nikiwa nimeingiza kichwa na mkono mmoja tu kwenye gauni. Nikamwita, "Mzee, hebu nivute." Akavuta gauni, akanivuta na mimi humo ndani, tukazunguka chumba kama maharusi. Mwisho akaleta mkasi. Gauni langu la maua sasa lina dirisha.

Na ni yeye huyohuyo aliyenifunga mkono kwa kitambaa mwezi mzima, eti bega lipumzike. Dada wa mazoezi alishika kichwa. Kumbe bega lililoganda ukilifunga linazidi kuganda. Dawa yake ni taulo la moto, kisha vidole kupanda ukuta polepole kama buibui, kila siku, kwa miezi.

Kwa hiyo zile alama mpya za penseli ukutani pale mlangoni, karibu na za urefu wenu, si uchafu. Ni safari ya vidole vyangu, kila vinapofika natia alama. Jana nilimwona mtu na sabuni.

Kitendawili: bawaba haina kutu, mbona mlango haufunguki? Bega la Bibi. Ila leo vidole vimefika kwenye urefu wa kitindamimba wenu. Vikifika kwenye urefu wa baba yenu, nitavaa gauni mwenyewe, na Babu atarudishiwa sukari yake.

Bibi yenu