Sauti ya Nasoro kwenye Kaseti

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima, na bibi yako anasema ule, usisome tu.

Unaniuliza hizo kura za posta wanazogombania huko unakosoma, mimi nazionaje. Skuli niliishia darasa la nne, lakini moja nimeliona.

Miaka ya sabini, hapa kijijini kwetu Birkat al Mauz, tulikuwa tunachagua wakili wa falaji, mtu wa kugawa zamu za maji ya mfereji kwa mashamba. Rafiki yangu Nasoro alikuwa kazini Kuweti na mitende yake inakauka. Akaleta barua kuwa anamtaka Seifu awe wakili. Wazee wakaikataa.

"Nasoro hajui kuandika," wakaniambia. "Kamwandikia nani? Wewe mchuuzi?"

Nikacheka, lakini iliniuma. Nikawaomba wangoje, nikampelekea Nasoro salamu alete kaseti yenye sauti yake. Ilipofika nikaipiga mbele ya wote.

"Jamani, mie namtaka Seifu," sauti ikasema. "Mzee Hamedi maji huwapa jamaa zake wa damu."

Mzee Hamedi, wakili tuliyekuwa naye mpaka siku ile na baba mkwe wake Nasoro, alikuwa kakaa karibu yangu. Hakuna aliyeibishia sauti ile. Nasoro akahesabiwa, Seifu akapita.

Nasoro aliporudi likizo, mkewe keshachukuliwa na baba yake. Ilipita mwaka kabla ya kurudishwa, na wazo la kaseti lilikuwa langu.

Basi Salma, hata aliye mbali ahesabiwe, shamba ni lake. Lakini nyinyi mliosoma tafuteni namna ya kujua kuwa ndiye yeye, bila ya mkwewe kusikia. Mimi ilinishinda.

Babu yako anayekupenda