Mfundishe Huyo Mgeni

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Lanet tuko wazima, na babu yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Umeniuliza ufanye nini, maana kiwanda chenu cha kuunganisha magari kimekwambia umfundishe mgeni kazi yako, halafu uende nyumbani. Baada ya shifti zote za usiku ulizowafanyia! Nimekasirika sana.

Nikiwa msichana nilishona viti vya basi hapa Nakuru. Sisi vibarua tulifutwa kila tulipokaribia kuandikwa kazi ya kudumu, na anayetoka alimfundisha anayeingia. Siku yangu ilipofika, supavaiza akaniletea msichana aitwaye Wanjiru. Nikamwonyesha sindano, uzi na namna ya kukaza kona za kiti. Kisha nikamwambia kwa sauti, wote wasikie: "Na ukishaijua vizuri, utafutwa kama mimi."

Wanjiru akaweka makasi chini, akamgeukia supavaiza. "Boss, basi tuandike sote wawili."

Cherehani zote zikanyamaza. Mabasi yakakaa uwanjani bila viti mpaka tukaandikwa, sote.

Kwa hivyo usikatae, Nafula. Mfundishe huyo mgeni kila kitu. Usimfiche hata hilo la kufutwa.

Nyanya yako, Kukhu