Rangi ya Buluu Haikutoka Mtutuni

Mpendwa Shangazi Sidi,

Shikamoo. Huku Tezo tu wazima. Baba ameanza kung'oa mihogo ya shamba la juu, na mama anakusalimu sana. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniuliza habari za shule mpaka salio linakwisha, nami nina neno ambalo sitaki likatike katikati.

Nataka urudi kwenye kazi yako. Lakini kabla hujarudi, nataka ujue ni nani aliyekuponza. Ni mimi.

Barua hii nimeiandika nakala mbili. Moja inakuja kwako Mtwapa. Ya pili, kwa ruhusa ya Bwana Katana, katibu wa klabu, imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, ambapo kila mwanachama anayekuja kulenga shabaha ataiona. Waliokucheka walikucheka mbele za watu, kwa hivyo nao waisome hapo hapo.

Wewe ndiwe uliyekuwa ukiwasafishia bunduki zao, nami nilikuja kila Jumamosi mchana kukusaidia. Tulikaa kwenye baraza ya stoo. Bunduki ilitoka ndani ikiwa imeshaondolewa komeo lake, kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi, na hata hivyo uliiinua kuelekea uani ukachungulia, kisha ukaniita nichungulie nami. "Usipoona mwanga wa upande wa pili, usikae hapa," ulisema. Kila Jumamosi uliyasema maneno hayo kana kwamba sijawahi kuyasikia. Bunduki yenyewe sikuruhusiwa kuishika, wala sikuishika. Kazi yangu ilikuwa kukata fulana kuukuu ziwe vipande vya mraba na kukutayarishia ule ufito mrefu wa kusukumia vitambaa ndani ya mtutu.

Ulinieleza kwamba risasi imevaa koti la shaba nyekundu, na ikipita kwa kasi, koti hilo linakwaruzwa na kuacha shaba kwenye mifuo, ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu. Ikijaa, bunduki haina shabaha tena, na mwenyewe huanza kulaumu upepo. Mafuta ya kawaida hayaitoi. Ndiyo maana ulipuliza lile povu jeupe la kwenye mkebe, ukauinamisha mtutu mdomo chini lisirudi nyuma, ukanituma kutazama saa. Dakika ishirini. Povu likikutana na shaba hugeuka buluu, na kitambaa kikipita hutoka na buluu hiyo. Unarudia mpaka kitambaa kitoke cheupe, ndipo unafuta kila kitu na kupaka mafuta.

"Harufu gani hii, Shangazi?" niliuliza siku ya kwanza.

"Zizi la mbuzi wa babako," ukajibu, wala hukucheka, ila mabega yalikuwa yakitikisika.

Sasa nifike kwenye kosa. Ufito ule una kichwa kidogo cha plastiki kinachoshika kitambaa. Jumamosi moja nilikikanyaga kikapasuka. Ulikuwa umeniambia, kitu kikiharibika nimwendee Bwana Katana anipe kingine. Bwana Katana alikuwa na wageni na mimi niliona haya. Nikafungua droo ya chini, nikakuta kichwa kingine cha shaba ya manjano, kama ile ya mifereji ya maji. Kilikuwa na vumbi. Nikakisugua kwa jivu na ndimu mpaka kikang'aa, nikakifunga kwenye ufito. Nilidhani nimekufanyia hisani. Kila nilipokupa ufito nilikuwa nimeshakivisha kitambaa, hukukiona, nami sikukwambia.

Ilikuwa Jumamosi ya bunduki ya Mzee Athmani wa Shella, ile anayoipenda kuliko gari lake. Alikuwa na mashindano kesho yake. Uliisafisha tangu baada ya adhuhuri. Povu, dakika ishirini, kitambaa: buluu. Ukarudia: buluu. Mara ya tatu ukachungulia mtutu kwa tochi, huku na huku, ukaniambia, "Kadzo, humu hamna shaba. Macho yangu hayajazeeka kiasi hicho." Ukapaka mafuta, ukampa mwenyewe.

Mzee Athmani ana desturi ya kujaribu. Akachukua mkebe, akapuliza povu, akangoja huku akinywa kahawa na wenzake, akapitisha kitambaa kwa ufito ule ule. Akakiinua juu watu wakione.

"Bi Sidi, hiki ndicho cheupe chako?"

"Nimeisafisha mara tatu, Mzee. Mtutu ni safi."

"Basi kitambaa ndicho mwongo?"

Mmoja akadakia, "Huenda kimelia wino, maskini!" Wakacheka wote. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na mkasi mkononi. Hukugeuka. Ulikunja aproni yako mara mbili, ukaiweka juu ya meza, ukaenda. Bwana Katana alisema upumzike kwanza mpaka wanachama watulie. Wiki iliyofuata ulikuwa Mtwapa, unafua mashuka ya nyumba ya wageni.

Sikuelewa nilichofanya mpaka muhula huu. Mwalimu wetu wa kemia alitia vipande vya shaba nyekundu kwenye amonia, akatuambia tungoje. Kioevu kikawa buluu, na harufu ilikuwa ile ile ya baraza yetu. Kisha akatufundisha kwamba shaba ya manjano nayo sehemu yake kubwa ni shaba nyekundu, iliyochanganywa na zinki. Nikaacha kuandika. Nilimwuliza kama nayo ingetoa buluu. Akasema, "Ingetoa. Kwani umeiona wapi?" Niliomba ruhusa, Shangazi, nikaenda kunawa uso.

Jumamosi iliyopita nilikwenda klabuni na baba. Nilimwomba Bwana Katana mkebe wa povu, sahani, na kile kichwa cha ufito. Mzee Athmani alikuwapo. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza nataka kufanya nini. Nikamwambia nataka kusafisha bunduki isiyokuwapo.

"Mtoto huyu ana maneno," akamwambia baba, lakini alivuta kiti.

Nilikiweka kile kichwa peke yake kwenye sahani, nikakipulizia povu. Tukangoja. Povu likaanza kubadilika pembeni, kisha lote. Nikakifuta kwa kitambaa kipya na kumpa Mzee Athmani. Kilikuwa buluu kama kile alichokiinua siku ile. Ndipo nikasema kila kitu: droo, jivu, ndimu, na kunyamaza kwangu. Sauti ilinitoka ndogo, baba akaniambia nirudie, nikarudia.

Mzee Athmani alikigeuza kitambaa kile huku na huku. "Kwa hivyo mtutu ulikuwa safi," akasema.

"Ulikuwa safi," nikasema. "Shangazi aliona kwa macho."

Bwana Katana alianza kunigombeza kuhusu droo, Mzee akamzuia kwa mkono. Alisema maneno aliyokutamkia aliyatamka pale, mbele ya wale, na hatayafuta kwa simu wala kwa kumtuma mtu. Atayafuta pale pale, mbele ya wale wale, Jumamosi hii saa tisa, ukikubali kuja. Bwana Katana amesema kazi yako haijapewa mtu, na kwamba vichwa vya plastiki vimeshaagizwa.

Mimi najua huenda usitake kurudi. Unaweza kuwa umezoea huko, au umechoka kuwasafishia watu wanaoamini kitambaa kuliko mtu. Hilo ni lako kuamua, na baba amesema nisikusukume. Ninachoomba ni msamaha wa kunyamaza. Kuvunja kichwa kile ilikuwa bahati mbaya. Kunyamaza nilichagua mwenyewe, wakati unachekwa, nikiwa hatua mbili nyuma yako. Ukiwa na hasira nami, tafadhali njoo uwe nayo hapa, niione.

Jambo moja la mwisho. Mzee Athmani amekiri mbele ya baba kwamba tangu uondoke hajamruhusu mtu yeyote kuisafisha bunduki yake, naye mwenyewe hajaisafisha. Anaitumia hivyo hivyo. Bwana Katana anasema siku hizi analaumu upepo.

Wako mwenye kukungoja barazani,
mtoto wa kakako,
Kadzo