Nijaze B Tupu Nibaki na Mitsuki?

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi chuo kizima hapa Kanazawa tunafanya tena ule mtihani wa Kiingereza unaotupanga madarasa, na mimi nililelewa Kanada, nikarudi Japani nikachekwa shuleni kwa matamshi yangu mpaka nikajifunza kuyakunja yafanane na ya wenzangu, basi tulipoufanya mara ya kwanza mwezi wa Aprili, kwenye sehemu ya kusikiliza, sauti ya mwanamke ikatangaza kwamba treni imechelewa, nayo ilifanana na ya jirani yetu wa kule Kanada, nikaona theluji dirishani kwake, nikanusa mkate wake wa mdalasini, nikaelea tu, kuzinduka karatasi zinakusanywa, nikatupwa darasa la chini kabisa, ambako nina furaha nisiyowahi kuwa nayo kwa sababu ya mwanafunzi mwenzangu Mitsuki, anayeniuliza njia nzima hadi stesheni neno hili linatamkwaje, nami humtamkia kwa yale matamshi yaliyokunjwa, na jana kantini, mdomo umejaa wali na kari, akaniambia, "We Chihaya, Jumamosi jaza B tupu kila swali kama sisi! Ukipanda juu utatusahau, bibie wa Kanada," nikacheka, ila nikilala naota kwa Kiingereza na maneno yanayeyuka ulimini, nikiamka sina hata moja, je, nijaze B?

Chihaya, Kanazawa

Binti yangu, kwanza niutukane mtihani, kisha zamu yako. Saa mbili za kusikiliza treni zisizokuwepo na kupaka viduara kwa penseli, halafu ofisi inatangaza nani wa juu na nani wa chini! Upuuzi. Lakini si mtihani unaokutuma ujaze B. Ni woga ule ule wa shuleni, leo umejiita urafiki.

Na Mitsuki hujamsikia. Anayetaka kubaki chini haulizi maneno njia nzima. Anaogopa kuachwa, basi. Nawe unampa makombo ilhali mkate mzima unao. Huna haya?

Kesho mtamkie neno moja kama ulivyolitamka utotoni. Akishangaa, mweleze yote, na mwambie utamfundisha hivyo hivyo. Jumamosi jibu kila swali unalolijua. Ndoto zikikujia, zisubiri nje ya mlango. Utapanda, na upande. Rafiki anayekupenda ukiwa umejikunja tu hakufai, lakini sidhani Mitsuki ni wa aina hiyo, na hutajua mpaka useme.

Sema.