Herufi Nono za Duka la Yakubu

Bunagana, tarehe 9 Januari 1974

Ndugu Kakule,

Salamu kwako na kwa mama watoto. Surua imewaachia watoto? Huku tunaendelea, ila muzee wangu Yakubu anakohoa.

Sasa nisikilize. Dereva wa lori ananiambia huyu anayejiita Citoyen, yaani Raia, aliyepewa na serikali duka letu, eti sisi wageni kwa kuwa babu yangu alitoka pwani, anataka jina lake ukutani kwa herufi zetu, na mpaka rangi ni wewe. Niambie dereva ni mwongo.

Nilizichora kwa kuzungusha penseli kwenye sahani na bilauri, wewe ukazikata kwenye katoni za kupakia rangi. Tulizinenepesha kwa sababu vumbi la malori lilimeza herufi nyembamba. Tulizizungusha mabega kwa sababu kona kali zilibanduka juu ya mawe ya volkano. O yenye kitambi, S kama chatu aliyemeza mbuzi! Mama wa milima ya Masisi asiyejua kusoma alizitambua toka mbali: pale ni kwa Yakubu, pale kipimo cha chumvi kinajaa. Huyo mutu hataki uzuri, anataka imani ya watu. Mpakie nyembamba kama miguu ya korongo. Zetu umunyime.

Ndugu yako,
Assani

Goma, tarehe 20 Januari

Ndugu Assani,

Watoto wamepona, Mungu asifiwe. Muzee apewe tangawizi.

Unakasirika vizuri ukiwa ng'ambo ya mpaka. Mimi niko huku mtaa wa Mapendo. Citoyen alikuja na vijana wa Chama: "Herufi za Zaïre ni za Wazaïrois wote." Nikasema atafute fundi mwingine. Akacheka, akatazama watoto wangu mmoja mmoja.

Nimepaka. Nono, zote. Tukana sasa.

Ndugu yako,
Kakule

Bunagana, tarehe 2 Februari

Kakule,

Salamu sina. Muzee amelala kitandani, hilo nakujulisha kwa adabu tu.

Hofu naielewa. Lakini dereva anasema umezipaka vizuri kuliko zamani! Hukuweza kupindisha hata moja? Mwizi amekuja uchi, wewe ukamshonea suti!

Assani, mwana wa Yakubu

Goma, tarehe 17 Machi

Ndugu Assani,

Umenikatalia salamu, mimi nakuletea: muzee anaendeleaje?

Sijui kupaka vibaya, ndiyo sababu. Sikia yaliyofuata. Wamama wa Masisi walishuka sokoni, wakaziona, wakaingia. Citoyen akawapimia chumvi, kipimo nusu. Mama Mukabalisa akaimwaga juu ya meza: "Ukuta unasema Yakubu, mkono unasema mwizi! Toka, mwenye duka aingie!" Kila siku ya soko ni kelele hiyo. Citoyen sasa anataka nizifute.

Nimekataa. Kesho naitwa ofisi ya Chama. Mama watoto na watoto wanakuja na lori hili. Wapokee.

Ndugu yako,
Kakule

Bunagana, tarehe 19 Machi

Ndugu yangu Kakule,

Salamu, na salamu tena. Wamefika wote, wamekula.

Mpumbavu wee! Nani amekutuma ufie ukuta? Futa! Mpakie huyo mbwa anachotaka, kisha panda lori. Muzee anasema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Ndugu yako,
Assani

Bunagana, tarehe 30 Machi

Ndugu yangu,

Dereva amenirudishia barua yangu, haijafunguliwa. Nyumba yako ina kufuli isiyo yako. Ofisini wanasema hawamjui mutu anayeitwa Kakule.

Herufi zingali ukutani. Citoyen amezunguka kwa wapaka rangi wote, mpaka mtaa wa Himbi. Kila mmoja anamwambia brashi yake imevunjika.

Mama watoto wako ananiuliza nimeandika nini. Nimemsomea mpaka hapa.

Ndugu yako,
Assani