Aline, Vijana Wako Sasa Wanasali Sebuleni Kwetu

Aline, mwanangu,

Nimerudi kutoka misa kanisani Nyundo, sasa nimebandika sufuria kubwa ya chai. Vijana wako wanakuja alasiri. Wewe hukuyaona haya, yalianza baada ya kukuzika, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ulipomaliza sekondari ukakosa kazi? Ulikuwa unalala hadi jua limepanda, uso umeuelekeza ukutani. Nikirudi kutoka Goma kuuza karoti, nilikuta chakula nilichokuachia hakijaguswa. Kanisani ulinifuata, ukapiga magoti, ukasimama, ukarudi kitandani. Padri wetu ni mwema, lakini watu ni wengi. Nani angejua kwamba mtoto wangu anazimika?

Kisha Solange, rafiki yako wa shule, akakualika kwa vijana waliokuwa wakisali kwenye chumba cha fundi cherehani, nyuma ya soko. Niliposikia ni kanisa jipya, roho yangu haikutulia. Nikaomba twende pamoja. Hapakuwa na madhabahu wala vipaza sauti. Mlikaa kwa duara, wengine juu ya marobota ya vitambaa. Kijana mmoja akasema, "Leo mi sina imani. Nimekuja tu, sikupenda kubakia peke yangu." Nilingoja akemewe. Solange akasogeza kiti chake karibu naye: "Bon, kaa na sisi."

Tukirudi nyumbani ukaanza kuongea, ukaongea njia nzima. Nilikuwa nimeisahau sauti yako, Aline. Baada ya hapo ukaamka asubuhi kama watu. Fundi akakufundisha kushona. Ukacheka tena na kaka zako.

Nikadhani tumepona. Kumbe figo zako zilikuwa zinakufa.

Hospitalini vijana wenzako hawakukuacha. Walipokezana, huyu na uji, yule na nguo zako alizozifua. "Mama Aline, enda ulale kidogo," Solange aliniambia. "Sisi tuko hapa." Mlisali kwa sauti ndogo ili wagonjwa wengine wasisumbuke. Hawakukuahidi muujiza. Nilimsikia mmoja akikuuliza kama unaogopa. Ukajibu, "Sana." Akakushika mkono. Mimi mama yako nilikuwa sijathubutu kukuuliza hivyo.

Siku ya mazishi walisimama nyuma kabisa, hawakujua kama wanaruhusiwa kuimba kwenye misa yetu. Padri akawaona, akawaita mbele. Solange alishindwa katikati ya wimbo, wenzake wakamalizia.

Baadaye chumba cha fundi kikafungwa na serikali, maana hakikutimiza masharti ya nyumba ya ibada. Mvua ilikuwa inanyesha Solange alipokuja kubisha hodi. "Mama Aline, hatuna tena mahali ya kukutana. Tunakuja tu kukuaga. Wengine wameanza kupotea." Kuniaga? Nikamwambia avue koti lake lililolowa, na awaambie wenzake kwamba sebule yangu ni tupu.

Mimi bado ni Mkatoliki, wala hawajaniomba nibadilike. Wakija nawagawia chai, nakaa karibu na mlango, nasikiliza. Wanaulizana mambo ambayo sisi tuliyaogopa: kwa nini Mungu amenyamaza, mtu afanye nini akichoka kuishi. Wakimaliza, hakuna anayeachwa arudi nyumbani peke yake.

Jumapili iliyopita alikuja msichana mgeni kutoka Busasamana. Akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kiti chako pale dirishani. Hakujua. Wote wakanitazama. Akataka kuinuka, nikamwambia, "Kaa, mwanangu." Kisha nikaenda jikoni, nikalia huku nimeshika kitambaa cha vyombo. Sikulia kwa sababu ya kiti. Nililia kwa sababu huyo msichana alikuwa ameanza kuwaeleza jinsi alivyochoka kuishi, na nikajua nyumbani kwao mama yake hajui alivyo karibu kumpoteza.

Wananiita mama, wote. Naitika. Lakini hakuna anayeniita kama wewe, na sitakudanganya kwamba pengo limezibika.

Wanabisha hodi. Pumzika, mtoto wangu.

Mama yako