Kibara Haikuandikwa Nje

Mjukuu wangu Mafuru,

Huku Kibara hatujambo. Mama yako amemaliza kupalilia, na goti langu linanisumbua kidogo tu. Umeuliza kama niliwahi kuona meli ya makontena kama hizo mnazopakua huko Rotterdam. Niliiona, na mshtuko wake ninao hadi leo.

Miaka ya Ujamaa, kijiji kilinituma Dar es Salaam nisindikize pamba yetu, kwa sababu nilijua kusoma na nilikuwaga na mdomo. Kila robota nililiandika kwa rangi nyekundu: KIBARA. Tuliamini watu wa viwanda vya ng'ambo watalisoma, watujue.

Bandarini nikakuta meli ndefu kuliko barabara yetu ya sokoni. Marobota yakasukumwa ndani ya sanduku la chuma, mlango ukafungwa, jina letu likabaki gizani. Nje palikuwa na namba tu.

"Mbona hamjaandika Kibara?" nilimuuliza kuli mmoja.

"Dada, meli hii haijui Kibara. Inajua namba."

"Na sisi tuliolima?"

Akacheka. "Kwani wewe una namba?"

Mimi niliyezoea kuwanyamazisha viongozi mkutanoni, nikageuka kulitazama sanduku letu. Winchi ikalinyanyua sanduku, ikaliweka kati ya mengine, nikashindwa kulitambua.

Tangu siku ile nagombana na kila anayetaja mzigo bila kusema ni wa nani. Wewe ndiye unayefungua milango hiyo sasa. Ukikuta jina limeandikwa kwa mkono, lisome kwa sauti, hata kama uko peke yako.

Bibi yako, huku Kibara